Darasa la Watoto Sabini, Mdogo Wangu, Linashikika

Mdogo wangu uliyepangiwa Makambako, Njombe, umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo: falsafa yako ya elimu uieleze vipi, na darasa la watoto sabini ulitulize vipi bila fimbo. Mimi naona ni jambo moja. Watoto wataijua falsafa yako siku mmoja wao atakapokosea jibu mbele ya wenzake, nao wakutazame usoni.

Tuanze na fimbo, maana ndiyo inayokukosesha usingizi. Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002 haukumruhusu kila mwalimu kuchapa. Viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Kushindwa kugawanya hesabu si utovu wa nidhamu. Wakubwa zako wa ofisini wakikuambia watoto wa huku hawaelewi bila kuchapwa, waamkie, wasikilize kwa adabu, kisha ingia darasani ufundishe unavyoamini.

Na mchelewaji je? Muulize kwanza. Juni na Julai Njombe kuna baridi ya kugandisha umande mashambani, na mtoto anayefika amelowa miguu, vidole havishiki kalamu, hakuchelewa kwa jeuri. Mpe nafasi akae, mengine mtaongea mapumziko. Vivyo hivyo kwa yule asiyefungua mdomo darasa la kwanza: vijijini huenda nyumbani wanaongea Kibena tu, na Makambako yenyewe ni njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea, ina stesheni ya TAZARA, watoto wanatoka kila upande. Usimhesabu mkaidi.

Wingi wao ni mzigo kweli, sikufichi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu, na tangu michango ya lazima ifutwe kuanzia Januari 2016 waliofika mlangoni wamekuwa wengi mno. Hapo utaratibu ndio utakaokuokoa. Kila asubuhi wakute swali ubaoni, waanze kuandika kabla hujasema neno. Wagawe vikundi, mwepesi akae na mzito, na uongozi wa kikundi uzunguke kila wiki ili hata yule mpole aonje kuaminiwa. Darasa likichafuka, usishindane nao kwa kelele; shusha sauti, sogea walipo, mwite mtoto kwa jina lake. Majina yajue yote, hata kama yatakuchukua mwezi.

Sasa lile jibu lisilo sahihi. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kushika chaki Tabora na Pugu, alitaka katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mtoto anayeogopa kuchekwa hadadisi chochote. Hunakili ubao na kunyamaza mpaka darasa la saba. Kwa hiyo akikosea, mwambie, "Hebu tuoneshe umefikaje hapo," na wenzake wasikilize. Mara nyingi utagundua kosa lake wanalo ishirini, na kipindi cha kesho umeshakipata.

Jaribu hadi likizo ya Juni, halafu niandikie. Nataka kusikia habari za wanaokaa dawati la nyuma kabisa.