FILAMU ZA MAGHARIBI: NI NINI HASA KINACHOTUFURAHISHA?

Safari hii nimeombwa niandike somo jepesi, maana wengine mmesema ukurasa wetu umezidi kuwa wa nondo na zege. Haya basi, leo tuzungumzie muvi.

Kila Alhamisi usiku, kwa kuwa kesho yake hakuna darasa, swali ni lile lile: tuangalie nini? Huyu anataka ngumi, yule anataka mapenzi, mwingine anasema twende sinema mjini. Halafu kuna lile neno ambalo mimi silipendi. Kuna wenzetu wakisikia mtu amekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wanacheka. Eti hiyo siyo kuangalia muvi, ni kusimuliwa hadithi. Eti mwenye Kiingereza ndiye aliyeiona filamu, na asiye nacho ameona picha zinatembea tu.

Mimi nasema siyo. Kinachonogesha filamu nzuri ya Magharibi si Kiingereza chake, wala si mamilioni ya dola. Ni namna ilivyoundwa ili wewe mtazamaji uwe na kazi ya kufanya pale ulipokaa: uhesabu, ukisie, uogope kabla ya mwenyewe hajaogopa. Filamu ni mashine. Sisi wahandisi tukiona mashine inafanya kazi vizuri tunaifungua tuone ndani mna nini. Basi tuzifungue chache, ambazo wengi wetu tunazipenda.

1. SWALI MOJA NA SAA INAYOTEMBEA

Tuanze na ya zamani, High Noon ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Ni filamu ya makauboi, lakini farasi na risasi ni chache. Mkuu wa usalama wa mji mdogo, Will Kane, anayechezwa na Gary Cooper, ameoa siku hiyo hiyo na anataka kuondoka. Inakuja habari kwamba jambazi aliyemtia jela ameachiwa na atafika kwa treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wanamsubiri stesheni. Basi, hadithi ndiyo hiyo.

Kane anapita mlango kwa mlango kuomba msaada. Kila mtu ana udhuru wake. Mmoja anajificha chumbani na kumtuma mkewe aseme hayupo nyumbani. (Jamani, nani kati yetu hajawahi kuliona hilo?) Na kila baada ya muda tunaonyeshwa saa ya ukutani. Filamu ina dakika kama 85, na mambo yake yanachukua karibu muda huo huo. Yaani saa ya Kane na saa yako wewe uliyekaa ni moja.

Ona sasa. Ukimweleza mtoto wa miaka saba kwamba "mtu mbaya anakuja saa sita na hakuna anayetaka kumsaidia huyu," ameelewa. Akiona mshale wa saa unasogea, naye anasogea kwenye kiti. Hapo Kiingereza kinahitajika kiasi gani? Kidogo sana.

Speed ya mwaka 1994, ya Keanu Reeves na Sandra Bullock, imetumia saa ya aina nyingine: kipima mwendo cha basi. Basi likishafika maili 50 kwa saa, kama kilomita 80, bomu linajitega. Likishuka chini ya hapo, linalipuka. Sheria moja tu! Kuanzia hapo kila foleni na kila kona ni hatari. Aliyewahi kupanda daladala ya Dar au matatu ya Nairobi anaielewa filamu hii kwa mwili kuliko hata waliyoitengeneza. Tofauti ni kwamba kule dereva analazimishwa kwenda mbio.

2. CHOMBO KILICHOFUNGWA

Mvuke ukiwa kwenye sufuria isiyo na mfuniko hauna nguvu, unapotea. Ufungie, utaona kazi yake. Filamu nyingi tunazozipenda zinafanya hivyo kwa watu: zinawafungia. Speed imewafungia ndani ya basi. High Noon imemfungia Kane ndani ya mji ambao angeweza kuukimbia, ila heshima yake haimruhusu. Na Titanic ya James Cameron, ya mwaka 1997, imewafungia melini.

Titanic ni darasa zima. Wengi wanaikumbuka kwa mapenzi ya Jack na Rose (na wengine wanakumbuka ni wapi pa kupeleka mbele haraka wakikaa na wazee). Lakini angalieni alivyoifunga. Mhandisi aliyeibuni meli, Thomas Andrews, anaeleza kwamba ingeweza kuelea vyumba vinne vya mbele vikijaa maji, siyo vitano. Vimejaa vitano. Ni hesabu tu, haina rufaa. Halafu tunajua pia kwamba boti za kuokolea hazitoshi: meli halisi ilikuwa na watu wapatao 2,200, na boti zake zilikuwa na nafasi 1,178. Kutoka hapo kila mlango uliofungwa kule chini, walikokaa abiria wa daraja la tatu, unauma.

3. MTAZAMAJI AJUE KABLA

Kuna watu hugombana mtu akiwaambia mwisho wa muvi. Mimi huwauliza: ni nani aliyekwenda kuangalia Titanic bila kujua kwamba meli itazama? Na bado ilipata tuzo 11 za Oscar.

Cameron hakuficha. Mwanzoni kabisa, kabla hadithi ya Rose haijaanza, anaonyesha kwenye kompyuta jinsi meli ilivyojaa maji mbele, ikanyanyuka nyuma, ikakatika na kuzama. Kwa nini alitoa siri? Kwa sababu baadaye, watu wanapokimbia gizani, wewe unajua meli imefika hatua gani, wao hawajui. Kujua huko ndiko kunakokufanya utamani kuwapigia kelele. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa.

Apollo 13 ya mwaka 1995 ni hivyo hivyo. Tangi la oksijeni lililipuka tarehe 13 Aprili 1970 chombo kikielekea mwezini, na wanaanga wote watatu walirudi salama tarehe 17. Vitabu vinasema. Lakini angalia pale hewa chafu inapoanza kuwalemea. Vichujio vilivyobaki ni vya umbo la mraba, na mahali pa kuvichomeka ni duara. Wahandisi walioko ardhini wanamwaga mezani vitu vile vile vilivyomo chomboni: mifuko ya plastiki, mabomba, gundi ya utepe, makaratasi magumu. Wanaambiwa watengeneze. Mimi sijaona mapigano ya bunduki yanayoishinda meza ile. Swali halikuwa "watapona?" Swali lilikuwa "watapona vipi?", na swali la "vipi" halichuji hata ukirudia mara kumi.

Ndiyo maana ule usemi wetu wa vibandani, "stelingi hafi", haukuwahi kutuharibia raha. Tulijua hafi. Tulikaa kuona atatokaje.

4. KUFICHA KUNAKOONYESHA ZAIDI

Jaws ya mwaka 1975 ni funzo kwa kila anayelia kwamba hana vifaa. Steven Spielberg alitengenezewa papa wa mashine ili wapige picha baharini. Maji ya chumvi yakaiharibu, kila mara inagoma. Angefanya nini? Akaamua papa asionekane. Badala yake tunaona bahari imetulia, mapipa ya manjano yanayokokotwa juu ya maji, na tunasikia muziki wa John Williams, noti mbili tu zinazorudiwa. Inapita zaidi ya saa moja kabla ya kumwona papa vizuri. Na watu waliogopa kuoga baharini!

Wale waliokulia Unguja, Mombasa au Lamu mnalijua hili bila kufundishwa. Bibi akitusimulia habari za zimwi hakuwa na picha. Alishusha sauti, akanyamaza kidogo, akapunguza utambi. Zimwi tulijitengenezea wenyewe kichwani, na kila mtu akatengeneza linalomfaa.

5. NA LUGHA JE?

Sasa turudi kwa wale wanaocheka tafsiri. The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966 inahesabiwa miongoni mwa filamu bora za makauboi. Mwongozaji wake, Sergio Leone, ni Mtaliano. Mahali ilipopigwa sehemu kubwa ni Uhispania. Waigizaji walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja alisema lugha yake mbele ya kamera. Sauti ziliingizwa baadaye studio, Kitaliano kwa Wataliano, Kiingereza kwa wenye Kiingereza. Kwa hiyo hata Clint Eastwood unayemsikia, sauti yake imepachikwa baadaye! Filamu inapita kama dakika kumi mwanzoni bila mtu kusema neno. Na mwisho wake, watu watatu wanasimama makaburini wanatazamana, hakuna anayesema, kuna macho, mikono na muziki wa Ennio Morricone tu. Mwambieni basi anayedai lugha ya asili ndiyo filamu: asili ya hii ni ipi?

Wazee wetu walilijua hilo mapema. Hapa Maskati wapo wengi waliorejea kutoka Unguja, hasa baada ya 1970, na ukikaa nao kwenye kahawa watakutajia Majestic, Empire na Sultana kama watu wanavyotaja jamaa zao. Filamu za Kihindi ndizo zilizopendwa na wengi, na Kihindi hawakukijua wote. Walijaza wenyewe. Aliyeelewa alimweleza jirani, na kesho yake picha ilisimuliwa upya barazani kwa ambao hawakupata tikiti.

Wasimulizi wa video waliokuja baadaye wameendeleza kazi ile ile: Lufufu na DJ Mark wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, VJ Jingo wa Uganda kwa Kiganda. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanakuambia nani ni nani, wanatia utani, wanaonya, wanamsema jambazi. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, alipoandika juu ya wasimulizi wa Tanzania alitumia mfano wa wali uliogeuzwa pilau. Ni mfano mzuri. Mchele umetoka nje, viungo vya kwetu. Aliyekula pilau huwezi kumwambia hajala wali.

Kwa hiyo mwenzako akikwambia Rambo ya kwanza aliiona kwa Kiswahili kwenye kibanda cha mbao, usimcheke. Pengine aliiona vizuri kuliko wewe, uliyeiona peke yako na laptopu yako huku unajibu meseji.

6. MASHINE NI NZURI, LAKINI NANI KAKAA KWENYE USUKANI?

Kupenda kitu si kufumba macho. Mwaka 1962 ilitoka filamu iliyopewa jina la Kiswahili kabisa: Hatari! Mwongozaji ni Howard Hawks, stelingi ni John Wayne, na ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Wanakimbiza vifaru na twiga kwa magari na kuwakamata kwa kamba, na wanyama wale ni wa kweli. Kama mashine, inavutia. Lakini ukitazama kwa utulivu utaona ni filamu ya makauboi iliyohamishiwa kwetu: wageni ndio wenye majina, mapenzi na matatizo. Wenyeji ni wafuatiliaji nyayo na watu wa pembeni. Jina tu ndilo letu.

Linganisheni na Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair kwa kampuni ya Disney, juu ya Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyejifunza sataranji kwa kocha Robert Katende. Vipande vyote tulivyovifungua vimo. Swali moja: atashinda? Saa inayotembea: ile ya mchezo, iko mezani. Chombo kilichofungwa: ubao wa nyumba 64, na nyumbani kodi haijalipwa. Mashine ni ile ile ya Hollywood, lakini mwenye swali ni mtoto wa Katwe, na mama yake anachezwa na Lupita Nyong'o. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mbinu hizi hazina uraia. Saa ya ukutani si ya Wamarekani. Kati yetu wapo wanaosomea kompyuta, habari na lugha, na wana visa vya nyumbani ambavyo havijapigwa picha. Tusirudi nyumbani na kumbukumbu za stelingi tu. Turudi na mashine yenyewe, tujue inavyofungwa na kufunguliwa.

ZOEZI LA ALHAMISI

a) Kabla ya kubonyeza, mmoja wenu aseme filamu kwa sentensi moja. Akishindwa, chagueni nyingine.

b) Zimeni sauti kwa dakika kumi. Kama bado mnafuatilia, filamu imejengwa vizuri.

c) Tafuteni saa iko wapi. Siyo lazima iwe ya ukutani: ni maji, mafuta, pesa au pumzi.

d) Mpeni mtu mmoja asimulie kipande kwa Kiswahili, na mwingine kwa lugha ya kwao. Mtacheka, lakini mtaona nani ameielewa.

e) Mwisho jiulizeni: kisa kipi cha mtaani kwenu kingekaa ndani ya mashine hii? Kiandikeni ukurasa mmoja mlete. Ukurasa huu una nafasi.

Tuonane toleo lijalo, inshallah. Na atakayechelewa Alhamisi asiulize huyu ni nani na yule kafanya nini. Akae, afikirie mwenyewe!