Samaki Aliyeacha Kula

Katika somo lililopita mlitia perege sita katika tangi la kioo la darasa, na kila asubuhi wanafunzi wawili wa zamu huwalisha. Tuseme leo ni Jumatatu na zamu ni yako. Unanyunyiza pumba kidogo juu ya maji. Perege watano wanapanda upesi na kula. Wa sita amebaki chini pembeni, mapezi ameyabana mwilini, na chembe za pumba zinampita mbele ya mdomo asiziguse. Utafanya nini?

Watu wengi humwongezea chakula, wakidhani kwamba hakukipenda kile cha kwanza. Kufanya hivyo ni hatari kuliko njaa yenyewe. Joto la mwili wa perege hufuata joto la maji. Hali chakula ili kujipasha moto kama wewe. Perege mkubwa mwenye afya aweza kukaa siku kadhaa bila kula asidhurike. Lakini chakula kisicholiwa huzama, huoza, na kuyachafua maji ambamo samaki wote sita huvuta pumzi. Basi toa mabaki yote kwa kikombe, na leo usiwalishe tena hata wale wazima. Kisha anza uchunguzi.

Chunguza maji kwanza

Mtoni samaki akiona maji ni mabaya huhama. Tangini hana pa kwenda. Ndiyo sababu tunaanza na maji, wala si na samaki mwenyewe.

Lita moja ya hewa unayovuta ina karibu miligramu 280 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 C huyeyusha miligramu 9 hivi tu, na maji yakifika nyuzi 30 C kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 7 na nusu. Maana yake ni kwamba maji yanapopata moto, oksijeni hupungua wakati ule ule ambapo mwili wa samaki unaihitaji zaidi. Tangi lililowekwa dirishani penye jua la mchana laweza kuwatesa samaki ingawa maji yake ni meupe kama kioo.

Jaribio. Kaa kimya mbele ya tangi pamoja na mwenzako mwenye saa. Tazama kifuniko kigumu kilicho nyuma ya jicho la samaki. Chini yake yamo matamvua, na kila kifuniko kinapofunguka na kufunga, maji hupita juu ya matamvua hayo na kuacha oksijeni katika damu. Hesabu kifuniko hufunguka mara ngapi katika dakika moja. Rudia mara tatu kwa samaki asiyekula, kisha mara tatu kwa mmoja wa wale wanaokula. Andika hesabu zote katika daftari lako.

Ikiwa samaki wote wanapumua mbiombio, au wote wamepanda juu wakigugumia hewa, kasoro imo katika maji. Ondoa tangi juani, teka maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, mara nyingi, ili yachanganyike na hewa. Ikiwa ni yule mmoja tu anayepumua upesi, huenda matamvua yake yameumia, na sehemu ya pili ya somo hili itakuhusu zaidi.

Sasa tia kipimajoto majini. Perege hustawi penye nyuzi 25 hadi 30 C. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 C hula kidogo sana, na yakikaribia nyuzi 16 C huacha. Wanafunzi wa Mbeya na Njombe walikumbuke jambo hili mwezi wa Julai: huenda samaki wao haumwi, amepoa tu. Usimimine maji ya moto tangini, kwa maana badiliko la ghafula humdhuru kuliko baridi yenyewe. Lifunike tangi kwa blanketi kuukuu usiku na kulisogeza mbali na mlango.

Hatari ya tatu huwezi kuiona, na ikiwa kidogo huwezi hata kuinusa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia huunguza matamvua. Katika tangi lililokaa muda mrefu wamo bakteria wenye manufaa, walioshikamana na mchanga na mawe. Baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Lakini bakteria hawa huhitaji majuma kadhaa ili waongezeke. Tangi lenu lina majuma mangapi? Likiwa jipya, shuku amonia kabla ya kushuku ugonjwa wowote.

Dawa yake ni kubadilisha maji, lakini si yote. Toa theluthi moja tu, na utie maji mengine ya joto lile lile. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwanza katika ndoo iliyo wazi kwa muda wa siku nzima. Usiufue mchanga kwa sabuni. Mwanafunzi hodari wa usafi akisugua kila jiwe mpaka ling'are, huwaua wale bakteria waliokuwa wakimlindia samaki wake.

Sasa mtazame samaki

Anza na mdomo. Je, kidevu kimevimba, na samaki huonekana kama anatafunatafuna ingawa hakula kitu? Basi usimguse! Perege jike hutaga mayai, kisha huyachukua mdomoni mwake. Huyalea humo, na watoto wakianguliwa huendelea kuwahifadhi humo humo, kwa majuma mawili hivi, na muda huo wote huwa hali au hula kidogo mno. Ukimkamata kwa wavu aweza kuyatema au kuyameza yote. Samaki huyo si mgonjwa. Mwacheni mahali penye kimya, na mhesabu siku.

Pili, tazama wenzake. Dume kubwa lililochimba shimo mchangani hufukuza kila anayekaribia, na katika tangi dogo mnyonge hana pa kujificha. Tafuta mapezi yaliyochanika. Kigae cha chungu kilicholazwa mchangani kitampa maficho, na pengine siku ya pili atakula.

Tatu, tazama ngozi na mapezi. Utando mfano wa pamba ni ukungu, nao hupenda kuota penye jeraha. Vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi ni kazi ya mdudu asiyeonekana vizuri ila kwa hadubini. Mdudu huyo hukaa chini ya ngozi ya samaki na kunenepa, halafu huanguka chini na kujigawa akawa mamia. Hao watoto huogelea kutafuta samaki mwingine. Wakiwa ndani ya ngozi chumvi haiwafikii, wakiogelea huwafikia. Ndiyo maana tiba ya siku mbili haifai. Iendelee siku 10 au zaidi. Na kwa kuwa watoto hao wamo katika tangi zima, usimtenge mgonjwa mmoja ukadhani kazi imekwisha: litibu tangi lote, ukitoa kwanza majani ya majini yasiyostahimili chumvi.

Mgonjwa mwenye ukungu au jeraha mweke peke yake katika ndoo ya plastiki ya lita 10, nusu yake maji ya tangi na nusu maji yaliyokaa. Mkamate kwa wavu laini, na kama huna budi kumshika, lowesha mikono, kwa sababu ute ulio juu ya magamba ndio ngao yake. Pima gramu 30 za chumvi ya kupikia. Pasipo mizani, tumia vijiko vya chai 5 vilivyosawazishwa kwa ukingo wa rula. Yeyusha chumvi hiyo pembeni na uimimine ndoni mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Kwa tangi zima fuata kipimo hicho hicho cha gramu 3 kwa kila lita.

Huenda ukauliza chumvi inamsaidiaje samaki wa mtoni. Maji ya mto huingia mwilini mwake daima, na chumvi ya mwili wake hutoka. Matamvua mazima huirudisha chumvi hiyo. Matamvua yaliyoumia huchoka. Maji yenye chumvi kidogo humpunguzia kazi.

Kila siku mwonyeshe chembe chache za chakula. Asipokula katika dakika 5, zitoe. Usimpe vidonge vya binadamu vya kuua bakteria. Na akifa, mtoe mara moja na kumzika mbali na kisima. Asitupwe mtoni, kwa maana ugonjwa wake utawafikia samaki ambao watu wa huko wanawategemea kwa kitoweo. Osha mikono kwa sabuni, na uanike wavu juani hadi ukauke kabisa.

Maswali

1. Samaki wote sita wanagugumia hewa juu ya maji saa nane mchana, lakini asubuhi walikuwa wazima. Ni nini kilichobadilika?

2. Kwa nini hatubadilishi maji yote ya tangi kwa mara moja?

3. Tangi lenu lina lita 40 za maji. Mnahitaji gramu ngapi za chumvi kutibu vidoa vyeupe?

4. Tazama daftari lako la zamu. Perege wa sita ameacha kula kwa siku 9, anapumua sawa na wenzake, na kidevu chake kimevimba. Andika utakalofanya siku ya 10, na sababu zake.