NYUMBA YAKO NA TETEMEKO LA NCHI

Ukikaa Baraka kando ya ziwa au Fizi juu mlimani, wakaa katika bonde la ufa mkubwa wa nchi. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya ufa huo, nao ungali unapanuka polepole. Ndiyo sababu nchi yetu hutetemeka. Tarehe 5 Desemba 2005 palitokea tetemeko kubwa chini ya ziwa, nyumba zikabomoka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, likaja jingine karibu na Bukavu. Katika Rwanda, ng'ambo ya mpaka, watu waliangukiwa na jengo la kanisa wakiwa ndani.

Wengine humtafuta mchawi. Wewe tazama ukuta kwanza. Mtu aliye shambani nchi ikitetemeka huyumba tu. Aliye nyumbani huuawa na ukuta mzito.

Usiidharau nyumba ya wazee, ya miti na fito iliyokandikwa udongo. Hiyo hupinda, haianguki upesi. Adui yake ni mchwa: chimbua kidogo penye miguu ya nguzo, na iliyoliwa uibadilishe. Lakini mtu akipata fedha kidogo hujenga kwa matofali mabichi, akidhani sasa yu salama. Matofali hayo ni mazito, na udongo uliyaunganisha hauyashiki kwa nguvu.

Ukijenga kwa matofali, shika kipimo hiki. Ukuta usiende juu kupita mara 8 ya unene wake. Basi wenye unene wa sentimeta 30 usipite sentimeta 240. Tena usiende mbele zaidi ya mita 3 bila kukutana na ukuta mwingine au nguzo nene ya kuuegemeza. Madirisha yawe madogo, mbali na pembe za nyumba kwa mita 1 na zaidi. Kwenye pembe, matofali yapishane kila safu.

Jambo kubwa ni mshipi. Kabla ya kuweka paa, zungusha juu ya kuta zote miti miwili iliyounganishwa kama ngazi iliyolazwa, ipigiliwe misumari kwenye pembe. Kisha funga paa kwenye mshipi kwa waya. Mama huufunga mzigo wa kuni kwa kamba kabla ya kuubeba. Kuta nne zisizofungwa huanguka kila moja upande wake.

Nyumba yako imekwisha kujengwa? Shusha mawe uliyoweka juu ya mabati, upigilie misumari badala yake. Ile pembe tatu ya matofali chini ya paa huanguka mapema; iondoe, uzibe kwa mbao au matete. Hata leo jioni waweza kuhamisha kitanda cha watoto kisiwe chini yake.

Nchi ikitetemeka, ukiwa karibu na mlango toka, uende mbali na kuta. Ukiwa mbali na mlango, ingia chini ya meza imara, ufunike kichwa. Baadaye usirudi upesi ndani ya nyumba yenye nyufa, maana matetemeko mengine hufuata. Aliyeumia mgongo au shingo msimkalishe wala kumbeba mgongoni. Mlazeni juu ya mlango uliong'olewa, mfungeni asisogee, mkamlete hospitali hivyo hivyo.