Mchezaji wa kigeni Ligi ya Wanawake: mzigo huu unatua Kariakoo kwa bei gani?

DAR ES SALAAM

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anayeagiza kontena kutoka Guangzhou hahitaji kufundishwa kwamba bei ya kununulia si gharama ya bidhaa. Kuna meli, bima, ushuru, bandari, wakala wa forodha, gari la kushusha mzigo na vijana wa kupandisha ghorofani. Anayepanga bei kwa kutazama ankara ya kiwandani peke yake hafiki mwaka wa pili na fremu yake.

Mfanyabiashara huyo huyo, jioni akiwa amefunga duka na kuelekea kijiweni kusikia habari za Simba au Yanga, huisahau hesabu hiyo. Akiambiwa kwamba Simba Queens au Yanga Princess imemsajili mshambuliaji kutoka Nairobi, Bujumbura au Lagos, huuliza jambo moja tu: analipwa kiasi gani? Hiyo ni ankara ya kiwandani. Somo la wiki hii linahusu gharama nyingine zote, kwa sababu wafanyabiashara wadogo wanazidi kuombwa kuingiza fedha zao katika timu za wanawake, ama kwa udhamini, ama kwa kutoa jezi na vifaa kwa mali kauli, ama kwa kuchangia usajili moja kwa moja.

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17 na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. Wakati huo ilikuwa ligi ya wasichana wa nyumbani. JKT Queens ikachukua misimu miwili iliyofuata, kisha Simba Queens ikatwaa mitatu mfululizo kuanzia 2019/20. Ni katika kipindi hicho cha Simba ndipo soko la wageni lilipochangamka. Wakenya waliongoza, nao Warundi, Wakongo, Wanigeria na Waghana wakafuata. Mwaka 2023 Yanga Princess ilimpokea hata Mmarekani, Kaeda Wilson.

Sababu ya Wakenya kuwa wengi ni ya kibiashara kabisa. Nchini kwao wapo wachezaji wazuri, lakini klabu nyingi za wanawake hazina uwezo wa kulipa mshahara wa kila mwezi. Dar es Salaam kuna klabu mbili zenye wanachama na mashabiki nchi nzima, zote makao yake yakiwa Kariakoo, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine kule Twiga na Jangwani, na kila moja haikubali kushindwa na mwenzake hata kwenye bao. Palipo na wanunuzi wawili wanaoshindana na bidhaa iko karibu, bidhaa itakuja tu.

Faida ilionekana Agosti 2022. Simba Queens ilichukua ubingwa wa kanda ya CECAFA uwanjani Chamazi kwa kuifunga She Corporate ya Uganda bao 1-0, na mfungaji alikuwa Mkenya, Vivian Corazone Aquino, kwa mkwaju wa penalti. Bao hilo ndilo lililoipeleka timu Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa Wanawake, ambako ilimaliza ya nne. Mkenya mwingine, Jentrix Shikangwa, akawa miongoni mwa wafungaji wakuu wa ligi ya nyumbani.

Hesabu ya mkononi

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inamsajili mshambuliaji kwa miaka miwili, mshahara dola 700 kwa mwezi, fedha ya mkononi. Mwishoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu Sh2,330, kwa hiyo mhasibu aliandika Sh1,631,000 kwa mwezi na kamati ikapitisha.

Neno "mkononi" ndilo lenye mtego. Maana yake kodi inabebwa na mwajiri. Mgeni asiye mkazi kwa mujibu wa sheria ya kodi ya mapato hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ili abakiwe na Sh1,631,000, mshahara ghafi lazima uwe kama Sh1,919,000. Akikaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa mapato anahesabiwa mkazi, na hapo anaingia katika viwango vya kawaida ambavyo juu ya Sh1,000,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 30. Mshahara ghafi sasa unakuwa kama Sh2,084,000, na kodi inapanda kutoka Sh288,000 hivi hadi Sh453,000 kwa mwezi. Mchezaji hajaongezewa hata senti moja.

Bado NSSF, ambayo kwa pamoja mwajiri na mwajiriwa huchangia asilimia 20. Bado tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi, na timu ya mpira haiwezi kuwa na watu pungufu ya hapo. Bado mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Bado nyumba, tiketi ya ndege au basi, na fedha ya usajili, ile ambayo Kariakoo ingeitwa kilemba: inatolewa kabla hujauza chochote, na ukihama hairudi.

Halafu dola. Katika robo ya tatu ya mwaka 2024 dola ilikaribia Sh2,700, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaikumbuka miezi hiyo kwa sababu benki zilikuwa zikiwaambia warudi kesho. Zile dola 700 zikawa Sh1,890,000, yaani ongezeko la Sh259,000 kila mwezi kabla ya kodi. Mwishoni mwa Desemba 2024 shilingi ilikuwa imepata nguvu hadi karibu 2,400 na mzigo ukapungua. Klabu iliyokuwa na mapato ya shilingi na mkataba wa dola ilicheza kamari ya fedha za kigeni bila kujua kama inacheza. Mwagizaji wa kontena angalau hupandisha bei ya rejareja dola ikipanda. Klabu haiwezi kupandisha kiingilio cha mechi ambayo watu wanaingia kwa uchache hata ikiwa bure.

Upande wa mapato

Mwaka 2018 Kampuni ya Bia ya Serengeti iliingia kudhamini ligi kwa Sh450 milioni kwa miaka mitatu, ndiyo Sh150 milioni kwa mwaka. Ligi ilishukuru, na kwa haki. Lakini hata kama fedha zote zingegawiwa sawasawa kwa timu 12 bila kutoa gharama ya uendeshaji, kila timu ingepata Sh12.5 milioni. Mshambuliaji wetu wa mfano anakula kama Sh25 milioni kwa mwaka kwa mshahara ghafi peke yake. Mgao wa timu mbili kwa mguu mmoja.

Fedha kubwa ziko Afrika. Mwaka 2024 CAF ilipandisha zawadi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa kwa Wanawake kutoka dola 400,000 hadi dola 600,000, na TP Mazembe ya Lubumbashi ndiyo iliyozichukua kwa kuifunga AS FAR ya Morocco. Timu inayoburuta mkia katika kundi iliwekewa dola 150,000. Kwa klabu ya Dar es Salaam hizo ni karibu Sh360 milioni hata kwa dola ya bei ya mwishoni mwa mwaka ule. Kwa hiyo hesabu ya kuleta wageni si ya kijinga. Ubaya wake ni kwamba njia ni nyembamba: lazima uwe bingwa wa Bara, kisha bingwa wa CECAFA, na tuzo inakwenda kwa timu moja tu ya kanda. Mwaka 2024 Simba Queens ilikwenda Addis Ababa ikarudi na nafasi ya tatu; CBE ya Ethiopia ndiyo iliyopita. Nafasi ya tatu hailipi mishahara.

Na kuna jambo ambalo mashabiki wa Msimbazi na Jangwani hawapendi kukumbushwa. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa inayotegemea wazawa, ilichukua ligi ya 2022/23, ikaenda Uganda mwaka 2023 ikatwaa CECAFA kwa penalti mbele ya CBE, ikacheza fainali za Afrika kule Ivory Coast. Msimu wa 2024/25 ikatwaa tena ligi. Gharama yake ya dola ni ndogo mno na wachezaji wake wana uhakika wa kesho. Bila shaka si kila mtu anaweza kuwa na jeshi nyuma yake, na mwekezaji binafsi hawezi kuiga mfumo huo. Hata hivyo anayedai kwamba bila wageni hakuna kombe anapaswa kwanza kulijibu hilo.

Kwa Simba na Yanga kuna sababu nyingine isiyotokana na makombe. CAF inataka klabu inayoshiriki mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Timu hiyo, basi, ni sehemu ya leseni, kama namba ya mlipakodi kwa mwenye duka, na gharama yake hubebwa na biashara kubwa ya wanaume. Ceasiaa Queens ya Iringa, Alliance Girls ya Mwanza au Bunda Queens ya Mara haina mgongo wa namna hiyo. Ikivutwa kwenye mashindano ya kununua wageni, inashindana na mtu ambaye hasara yake inalipwa na duka lingine.

Kibali na mrithi

Mchezaji wa kigeni anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa inayopitia mfumo wa FIFA, kisha kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaaji kutoka Uhamiaji. Sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni inatoa kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuongezwa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi wa mgeni.

Kifungu hicho kwenye viwanda huchukuliwa kwa uzito. Katika soka ni vigumu kuona klabu inayoweza kuonyesha binti gani wa miaka 18 anamfuata nani mazoezini. Mjadala wa wageni Kariakoo si mgeni: Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu, na wenye fremu wengi waliishangilia. Wengi wa walioshangilia wangekasirika iwapo amri ya namna hiyo ingemgusa mshambuliaji wao. Inafaa kuwatetea kwa kiasi fulani, maana winga wa uwanjani hamnyang'anyi mteja winga wa Mtaa wa Aggrey. Lakini anamnyang'anya mtu nafasi, na huyo mtu ni bidhaa ambayo klabu ingeweza kuiuza nje.

Hapa ndipo penye fedha ambazo hazihesabiwi. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alifika Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Opa Clement alitoka Simba Queens kwenda Uturuki. Hao ni mauzo ya nje, na malipo yake ni ya dola.

Kanuni za FIFA zina tofauti moja ambayo kila mwekezaji wa timu ya wanawake aijue kabla ya kutoa shilingi. Katika soka ya wanaume, klabu iliyomlea kijana hulipwa fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa au anapohamia nje akiwa bado kijana. Katika soka ya wanawake fidia hiyo haipo. Kinachobaki ni mgao wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, wanaogawana wale waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Na mgao huo hupatikana tu pale ada inapolipwa, yaani binti akiuzwa mkataba wake ukiwa haujakwisha. Mkataba ukiisha anaondoka na begi lake na klabu inabaki na picha. Klabu inayompa mgeni miaka miwili na mzawa mwaka mmoja imeufungia kabati mzigo usiouzika na kuuacha barazani ule unaouzika.

Kwa anayetoa jezi, viatu au basi kwa mali kauli, swali la kwanza kwa viongozi wa timu liwe kuhusu mishahara ya wageni, si mdhamini. Mchezaji asipolipwa miezi miwili anaweza kutoa notisi ya siku 15, kisha kuvunja mkataba na kudai fidia FIFA. Klabu isipolipa hukumu hufungiwa kusajili hadi vipindi vitatu vya usajili, mpaka deni liishe, na si mara moja klabu za Tanzania zimefungiwa hivyo. Fedha yoyote itakayoingia baada ya hapo, iwe ya mlangoni au ya mdhamini, huenda kwanza kufungua usajili. Mwenye jezi anasubiri.