Kunywa Chai Yako, Kisha Uyaachie Mate Kazi

Kama unachimba dhahabu Macalder, Migori, siku yako naijua. Alfajiri unapata chai na mandazi mawili kibandani. Saa nne themosi inazunguka kando ya shimo, na mchana inazunguka tena. Jioni unashika kikombe kingine ukingoja mawe yako yasagwe. Chai yenyewe haina ugomvi na meno yako. Kinachoyaharibu ni sukari iliyomo, na zaidi ya hapo ni ile tabia ya kunywa kidogokidogo kutwa nzima. Tabia hiyo unaweza kuibadilisha kesho bila kutoa hata shilingi.

Jua kwanza mate yanafanya nini. Kinywani mna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hula enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Mate huiosha, huipunguza ukali, kisha hulirudishia jino madini liliyopoteza. Kazi hiyo huchukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Sasa piga hesabu. Ukipiga funda la chai tamu kila baada ya dakika 20 kuanzia saa nne hadi saa nane, mate hayatamaliza kazi hata mara moja. Meno yatakuwa yameloa asidi kwa saa nne.

Kwa hiyo keti, unywe kikombe chako, kiishe ndani ya dakika 15. Kinywe pamoja na chakula. Ukimaliza, funga themosi mpaka mlo unaofuata. Katikati hapo kunywa maji matupu, na ukihisi njaa tafuna njugu karanga. Kutafuna huleta mate kwa wingi, na njugu hazikosekani Migori wala Homa Bay.

Maji nayasisitiza kwa sababu ya kazi yenyewe. Chini ya shimo kuna joto, vumbi linakulazimisha kuhema kwa mdomo, na jasho linakutoka. Wewe dada unayeponda mawe juani nawe ni vivyo hivyo. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, lakini mwili ukikaukiwa maji, mate nayo hupungua. Dalili utazijua: ulimi unanata, mate ni mazito, mandazi hayashuki mpaka uyasukume kwa chai. Beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Tafadhali usisukutue hata mara moja kwa maji ya kuoshea dhahabu. Yana zebaki.

Kuna ukavu mwingine unaokuja baada ya strungi kali, yaani chai isiyo na maziwa. Huo huletwa na tanini ya majani ya chai inayoshikana na protini za mate, kwa hiyo mdomo unakuwa kama umekwaruzwa. Usiogope, haimaanishi meno yanaoza. Ukitia maziwa, tanini hushikana na protini za maziwa, ndiyo maana chai ya maziwa hushuka laini. Rangi ya kahawia inayobaki kwenye meno nayo ni doa tu.

Tena, strungi bila sukari ina faida. Mchai hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuiweka kwenye majani, na floraidi huimarisha enameli. Baadhi ya kemikali za chai pia huwapunguzia nguvu wale bakteria. Ila ukishamimina vijiko vitatu vya sukari, usitegemee faida hiyo ikuokoe.

Punguza sukari polepole, nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea. Kibandani, omba chai yako imiminwe kabla sufuria haijatiwa sukari, kisha ujipimie mwenyewe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai, na ikiwezekana abaki kwenye 6. Vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu vimeshafika 12, na soda bado hujanywa. Usijidanganye na sukari nguru au asali pia. Bakteria hawachagui.

Ukitafuna miraa au muguka, hapa nisikilize vizuri. Kinywa hukauka, halafu unateremshia soda au chai tamu saa nyingi mfululizo. Mate hayapo na sukari ipo. Sijui njia ya haraka zaidi ya kutoboa meno. Kama huachi leo, basi teremshia maji.

Usiku mate hupungua sana. Chai tamu ya mwisho iwe ya chakula cha jioni. Kabla ya kulala piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, uteme povu, na usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mtoto asilale na chupa ya chai mdomoni, hata ikiwa maziwa ni mengi. Na kama unapenda chai ya limau, limau lenyewe ni asidi. Ngoja nusu saa ndipo upige mswaki.

Mara moja kwa mwezi washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, uvute mdomo juu. Ukiona madoa meupe kama chaki karibu na ufizi, jino limeanza kupoteza madini, lakini bado linaweza kupona kwa floraidi na kwa kubadilisha unywaji. Ukiona tundu, au maji baridi yakikuchoma, nenda kwa daktari wa meno wiki hiyohiyo, wakati bado kuna jino la kuziba.