Anza na Mada Moja: Kubadili Kipindi cha Sekondari Bila Kungoja Karakana

Tangu Januari 2024, Tanzania Bara inatekeleza mtaala mpya wa sekondari wenye mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali. Ni hatua niliyoipokea kwa furaha. Hata hivyo, katika shule nyingi za kata kipindi chenyewe kinaenda kama zamani: mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Karakana haijajengwa, vifaa havijafika, na wengi wanadhani mabadiliko yatakuja na lori la vifaa. Mwalimu usingoje lori hilo. Chukua darasa moja na mada moja kwa muhula huu, uwape wanafunzi kazi ambayo jibu lake halimo kwenye daftari la mtu yeyote.

Mada ichague kwa kutembea kwanza kwenye eneo la shule. Tazama nini kinapimika, nini kinaharibika, nini kinagharimu fedha. Karibu kila shule ina paa la bati, na shule nyingi zina shida ya maji, kwa hiyo mimi ningeanzia hapo. Swali ni moja: mvua ikinyesha, bati za jengo hili zinaweza kutupa maji kiasi gani?

Hesabu yake ni ya Kidato cha Kwanza. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Jengo la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160, na mvua ya milimita 10 italiletea lita 1,600. Lakini usiwape hesabu hii ikiwa imekamilika. Wape futi kamba, waache wapime, na mabishano yataanza yenyewe. Je, tupime bati lenyewe lilivyolala kwa mteremko, au ardhi iliyofunikwa na bati? Hapo nyamaza. Waache wabishane, wachore, wapande na kushuka katika hoja, hadi mmoja aone kwamba mvua hailijui bati refu. Inayohesabika ni ile ambayo ingeanguka kwenye ardhi iliyo chini ya paa. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kubishana na wenzake ameielewa dhana ya eneo kwa namna ambayo notsi za kurasa tatu hazimpi.

Kisha yanakuja maswali magumu zaidi. Maji mengine hurushwa nje ya gata, mengine hulowesha bati na kukauka. Tukikadiria kwamba moja ya tano inapotea, tangi la lita 5,000 litajaa kwa mvua ya milimita ngapi? Ni kama 39. Mvua hiyo tunaijuaje? Kopo lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya kusoma kina cha maji kila asubuhi, vinatosha. Hapo tayari umeingia kwenye Jiografia, kwa hiyo zungumza na mwalimu wa somo hilo kabla hujaanza. Mkigawana vipindi, kila mmoja aandike kazi hiyo kwenye andalio lake chini ya mada iliyomo kwenye azimio la kazi. Mkuu wa shule akiuliza mmefika wapi, mnamwonyesha mada, si matembezi.

Darasa la wanafunzi 70 halitoki nje lote kwa pamoja. Nusu watoke, nusu wabaki ndani wakikokotoa paa la kubuni ulilochora ubaoni, kisha kipindi kinachofuata wabadilishane. Kila kundi liwe na watu sita hivi: wapimaji, mwandishi, wakokotoaji na atakayewasilisha. Majukumu hayo yazungushwe kila wiki. Nasisitiza hili kwa sababu makundi yakiachwa yajipange, msichana mwenye mwandiko mzuri anafanywa katibu muhula mzima na futi kamba haimfikii mkononi.

Lugha ndipo wengi tunapokwama. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, na anachagua kukaa kimya. Mruhusu abishane kwa Kiswahili, maana kufikiri kunahitaji lugha anayoimudu. Kabla ya kipindi kwisha, andika ubaoni maneno kumi ya Kiingereza ya kazi hiyo, yaani majina ya paa, gata, eneo, ujazo, kina cha mvua na mengineyo, na kila kundi liandike sentensi tano za Kiingereza kuhusu walichopima. Mtihani wa Taifa utamkuta katika lugha hiyo, na kumficha ukweli huo ni kumwonea.

Usisahihishe madaftari 70. Kusanya karatasi moja kwa kila kundi, kisha mnyanyue mwanafunzi yeyote wa kundi, ambaye hakujiandaa kuitwa, aeleze namba zilipatikanaje. Alama yake iwe ya kundi zima, nao watafundishana wenyewe kabla hujafika. Katika jaribio la mwezi weka swali moja lenye paa la vipimo tofauti. Ndipo utajua waliokariri na walioelewa.

Kuna tahadhari. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi na masomo vishikane. Katika shule nyingi vikaachana: jembe likawa la shambani, kitabu cha darasani, na baadaye jembe likageuka adhabu ya wachelewaji. Kazi isiyo na swali la kufikiria humfundisha mtoto kuichukia kazi. Ukiona wanafunzi wanabeba ndoo bila kupima chochote wala kuandika chochote, simamisha zoezi.

Fundi wa mtaani anaweza kukusaidia kuliko unavyodhani, hasa kueleza kwa nini gata lazima lilale kidogo kuelekea kwenye tangi. Mwombe saa moja siku ambayo hana kazi, na shule imlipe nauli. Maswali wayaandae wanafunzi wenyewe siku moja kabla.

Wazazi watauliza, na wana haki. Kwenye kikao chao usisimame wewe kutetea. Wapeleke chini ya paa, umpe mtoto wa Kidato cha Kwanza futi kamba, aeleze lita zinatoka wapi. Bodi ya shule ikiwepo, kundi lililopima vizuri zaidi likabidhi hesabu yake pamoja na makadirio ya bei ya gata na tangi, yaliyoulizwa dukani na wanafunzi wenyewe.