Msamiati wa Kibao: Lugha ya Watangazaji wa Muziki katika Redio za Mombasa

Utangulizi

Redio ya Mombasa ina historia ndefu ya kulea muziki na lugha kwa pamoja. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, Sauti ya Mvita ilikuwa ikiwafikishia wakazi wa Pwani taarabu kwa lugha yao. Katika miaka ya 1990 mawimbi ya FM yalifunguliwa kwa wamiliki wa kibinafsi nchini Kenya. Hivi leo Pwani FM, kituo cha Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), hushindania wasikilizaji na vituo vya kibinafsi. Katika ushindani huo, ulimi wa mtangazaji ndio chambo. Swali ni hili: je, ulimi huo unakijenga Kiswahili au unakibomoa?

Upanuzi wa maana

Neno ‘kibao’ kwa asili ni kipande kidogo cha ubao. Redioni ni wimbo uliovuma. ‘Ngoma’, ambayo ni ala na pia mchezo, sasa ni wimbo wowote, hata uliotengenezwa kwa kompyuta. Mtego na risasi hufyatuliwa. Siku hizi msanii naye ‘hufyatua’ wimbo mpya. Maneno haya hayakukopwa. Lugha imetumia mali yake yenyewe kukidhi haja mpya, kama ilivyofanya ‘ndege’ alipopata maana ya chombo cha angani. Kuyaita uharibifu ni kuionea lugha.

Lahaja na kosa

Mtangazaji wa Mombasa anaposema ‘ndia’ badala ya ‘njia’, au ‘mato’ badala ya ‘macho’, hajakosea. Hicho ni Kimvita, lahaja yenye kanuni zake na hazina kubwa ya ushairi. ‘Ndia hii’ ina upatanisho kamili. Kinyume chake, ‘hii kipindi’ na ‘hiyo wimbo’ huvunja mfumo wa ngeli, kwa kuwa yapasa kuwa ‘kipindi hiki’ na ‘wimbo huo’. Hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi azoeaye kusikia muundo huo kutwa huweza kuuandika katika insha bila kushtuka, na alama zikapotea. Aidha, mwalimu anayeihukumu lahaja na kosa kwa mizani moja humfanya mtoto wa Mvita aionee haya lugha ya nyanyake, huku kosa lenyewe likiendelea kutamba.

Hitimisho

Redio ya muziki haistahili kulaaniwa wala kusifiwa kwa jumla. Ubunifu wake wa msamiati ufaa kukusanywa na wanaleksikografia, lahaja iheshimiwe, na upatanisho wa kisarufi usimamiwe na wahariri wa lugha vituoni. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza kwa kurekodi vipindi, kuvichanganua na kuwarudishia watangazaji matokeo. Mkosoaji asiyemfikia mtangazaji humpigia mbuzi gitaa.